Kabla ya Kulaumu Maji, Mtazame Ramu Mwenyewe

Jumamosi iliyopita kijana wa jirani yangu hapa Buruburu alibisha hodi akiwa amebeba ndoo ndogo yenye kifuniko, uso umemjaa furaha. "Mjomba, nimepata jozi," akaniambia. Ndani ya ndoo mlikuwa na ramu wawili, wale samaki wadogo wa rangi wa akwariamu, kila mmoja hajatimiza sentimita tatu, na muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba yule mkubwa ni dume na yule mdogo ni jike. Yeye ni wa nne kuniletea jozi ya namna hiyo mwaka huu. Ninyi wadogo zangu mnaoanza kufuga sikilidi, jamii ya samaki ambayo ramu ni mmojawapo, ninawapenda kwa dhati, lakini nimechoka kuona mkinunua maneno ya muuzaji badala ya kununua samaki. Sitawaeleza jinsi ya kukomaza filta, wala kwa nini hita haizimwi mwezi wa Julai, hayo mnayajua. Nataka tuzungumzie dume na jike tu.

1. Usimhukumu mtoto. Ramu asiyefikisha miezi minne hivi hana alama ya kutegemewa, na ukubwa peke yake hauonyeshi lolote ila nani amekula zaidi. Nunua watano au sita wadogo, uwalee pamoja, uwaache wachaguane wenyewe.

2. Pezi la mgongo. Miiba ya mbele ya pezi hilo, hasa wa pili na wa tatu, humrefukia dume ikasimama kama kishungi cheusi, ilhali ya jike hubaki mifupi. Kanuni hii ni nzuri, lakini kumbukeni ilikotoka. Ramu, ambaye wataalamu humwita Mikrogeophagus ramirezi, ni samaki wa mbuga za bonde la mto Orinoco, huko Venezuela na Kolombia. Alielezwa kisayansi mwaka 1948 na jina lake linamuenzi Manuel Ramirez, mmoja wa waliomkusanya mwanzo. Alama tunazofundishana ziko wazi zaidi kwa samaki wa kule. Wanaotufikia Nairobi ni wa kufugwa, waliochaguliwa vizazi kwa vizazi kwa sababu ya rangi na mapezi marefu, kwa hiyo utawakuta majike wenye kishungi kirefu na madume ambao miiba yao ilinyofolewa na wenzao wakati wa kugombania chakula.

3. Doa jeusi la ubavuni. La dume huwa jeusi tupu katikati, na la jike huwa limenyunyiziwa magamba ya buluu yanayometameta. Dume wa kufugwa anaweza kuwa na magamba mawili matatu pembezoni mwa doa, kwa hiyo tazameni katikati yake, tena mtazame pande zote mbili za samaki.

4. Tumbo. Jike aliyekomaa huwa na wekundu wa waridi tumboni, na kwangu hii ndiyo alama yenye nguvu kuliko zilizotangulia. Hata hivyo, maduka mengi huwasha taa zenye wekundu ambazo humfanya kila samaki aonekane ana tumbo la waridi, na samaki mwenye hofu hufifia hadi hana rangi yoyote. Mwombe muuzaji azime taa ya tangi, usubiri dakika chache, kisha utazame kwa mwanga wa mchana.

5. Jumlisheni alama zote. Hapa sina budi kukiri jambo ambalo bado linaniuma.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua ramu wawili waliokomaa katika duka moja la mjini. Mmoja alikuwa mkubwa, mwenye kishungi kirefu, nikasema dume. Mwingine alikuwa mdogo, mnene, nikasema jike. Sikutazama doa, sikutazama tumbo. Kishungi kilinitosha. Baada ya wiki tatu walianza kusafisha jiwe bapa nililowawekea, wakiliguguna kwa midomo kwa zamu, wakitetemeka ubavu kwa ubavu, na yule mkubwa akawafukuza samaki wengine wote hadi pembeni kabisa. Walipotaga, nilikaa mbele ya tangi nikimwona "dume" naye akipitisha tumbo lake juu ya jiwe, polepole, mstari baada ya mstari, nikaamini kwamba anayarutubisha. Mayai yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, nami nikaufurahia wingi huo. Siku ya pili yote yalikuwa meupe kama punje za mchele. Siku ya tatu yalikuwa na ukungu, wakayala.

Wakataga tena, yakawa meupe. Nikatumia methilini buluu, dawa ya kuzuia ukungu, yakawa meupe. Wakati huo tulikuwa tukipata maji ya bomba yaliyochanganywa na ya kisima, na kila niliyemuuliza aliniambia kwamba ramu ni samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache, tena yenye asidi, na kwamba katika maji magumu mayai hayaanguliwi vizuri. Hilo ni kweli, na ukweli huo ndio uliniponza, kwa sababu ulinipa jibu kabla sijamaliza kuuliza swali. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zinanyesha, na tangi la maji ya paa lilikuwa limejaa. Jioni moja nikatoa robo tatu ya maji ya akwariamu nikajaza maji ya mvua, bila kuyapasha moto, bila kupima pH, yaani kiwango cha asidi, bila kuyatia kidogo kidogo kama ninavyowaamuru ninyi kila siku. Nilikuwa na haraka ya kuona vifaranga.

Asubuhi yule mkubwa alikuwa amelala ubavu chini ya kipande cha mti, na mwenzake amesimama juu yake akimgusa kwa pua. Nilimtoa nikamlaza kwenye sahani nyeupe, nikaipeleka dirishani. Hapo ndipo nilipomtazama kwa mara ya kwanza. Katikati ya doa lake jeusi mlikuwa na magamba sita ya buluu, nikayahesabu. Tumboni, ingawa rangi ilikuwa inamtoka, wekundu ulikuwa bado upo, kama alama ya kidole kilichoshika kopo la rangi. Alikuwa jike. Nikarudi kwenye tangi nikamtazama aliyebaki, naye alikuwa jike pia. Majike wawili wasio na dume huweza kuungana, wakalinda jiwe moja na kutaga juu yake wote wawili, na hiyo ndiyo sababu ya wingi ule wa mayai. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeyahukumu maji ambayo hayakuwa na kosa hilo, na nikamuua samaki mwenye afya nikitibu ugonjwa ambao hakuwa nao.

Baadaye nilinunua wadogo sita, nikawalea, wawili wakajitenga wenyewe. Katika maji yaleyale, ya bomba na ya kisima, mayai mengi yaliharibika, lakini siku ya tatu juu ya jiwe palikuwa na vifaranga vinavyopepesa mikia, thelathini hivi. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia mayai yake yamekuwa meupe, swali langu la kwanza ni hili: je, uliwaona wote wawili wakitaga?

6. Ramu wa dhahabu hana doa la kutegemewa, na yule wa buluu mwili mzima hana doa kabisa. Kwao mtegemee tumbo, pezi na jambo linalofuata.

7. Mrija. Siku moja au mbili kabla ya kutaga, mbele kidogo ya pezi la chini lililo karibu na mkia, kila mmoja wa jozi hutoa kijirija cheupe. Cha jike ni kipana na butu, na cha dume ni chembamba, kimechongoka. Alama hii haibadilishwi na rangi wala na ufugaji, nami sijaona inayoishinda. Wataanza kulisafisha jiwe. Chuchumaeni basi, macho yawe sawa na jiwe, mmulike tochi ya simu kutoka ubavuni na si kutoka juu, kisha msubiri hadi samaki ageuke.

Kijana wangu aliniuliza atasubiri kwa muda gani. Nilimwambia miezi miwili au mitatu, na kwamba kabla ya hapo aongeze wengine wanne ikiwa tangi lake litawatosha. Alivunjika moyo kidogo, akaifunika ndoo. Alipofika mlangoni akaifunua tena, akainama, akamtazama yule mkubwa ubavuni, upande wa kulia, kisha akaizungusha ndoo polepole ili aone na upande wa kushoto.