Andika kama karani: nilivyojifunza kutafuta kwenye Google kwa Kiswahili

Msimu mmoja mjomba alinipigia simu akiwa shambani, na sauti yake tu ilinitosha kujua kuna tatizo. Majani ya mahindi yalikuwa yametobolewa matundu matundu, na ndani ya moyo wa mmea kulikuwa na funza. Nikafungua Google nikaandika vilevile tulivyokuwa tunaongea: wadudu wanaokula mahindi dawa yake nini. Zikaja video za wauza dawa, kila mmoja anasifia chupa yake. Bando likaisha, mjomba bado anasubiri.

Jioni nikamuuliza jirani aliyewahi kuwa bwana shamba: ninyi wadudu hawa mnawaitaje kwenye maandishi yenu? Akasema, viwavijeshi vamizi. Nikayaandika maneno hayo mawili ndani ya alama za kunukuu, nikaongeza neno moja mbele yake:

"viwavijeshi vamizi" filetype:pdf

Alama za kunukuu huiambia Google ilete kurasa zenye maneno hayo yakiwa yamefuatana hivyohivyo. Hilo neno nililoongeza, filetype:pdf, huiambia ilete mafaili ya PDF tu, na wataalamu wetu vijitabu vyao huviweka kwa mtindo huo. Kwenye kijitabu kimoja nikakuta picha ya kichwa chenye alama ya Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yamejipanga mraba karibu na mkia. Nikamtumia mjomba. Asubuhi akamshika mdudu mmoja mkononi, akaziona alama zote mbili. Alikuwa ndiye yule mgeni kutoka Amerika aliyegundulika Afrika mwaka 2016, wala si kiwavijeshi ambaye wazee wetu wamepambana naye miaka yote. Kumjua kulisaidia, kwa sababu huyu hujificha ndani ya moyo wa mmea, na dawa inayoishia juu ya majani haimfikii.

Tangu siku hiyo, kabla sijaandika chochote kwenye kisanduku cha kutafutia, najiuliza: aliyeandika ukurasa ninaoutaka alitumia maneno gani? Kwa uzoefu wangu, ukitafuta kwa Kiingereza Google hukisia vizuri unachotaka hata ukiandika ovyo. Kwa Kiswahili hushikilia zaidi maneno yenyewe. Ukiandika "nimepoteza kitambulisho nifanyeje", utapata watu wengine waliopoteza vitambulisho wakiulizana. Karani wa ofisi hajawahi kuandika "nifanyeje" kwenye tangazo. Yeye huandika utaratibu, maombi, mwongozo, kilichopotea, ada, viambatisho. Basi andika kama yeye: utaratibu kitambulisho cha taifa kilichopotea ada.

Lugha yetu ina jambo jingine. Nilipoteza, amepoteza, wanapoteza, kimepotea: sisi tunaona kitu kimoja, lakini mashine inaweza kuyaona kama maneno manne tofauti. Ndiyo maana napenda kutafuta kwa majina badala ya vitenzi, na jina lenye umoja na wingi naliandika mara mbili nikiweka OR katikati, kwa herufi kubwa: mwalimu OR walimu, kibali OR vibali. Hii sijaiona kwenye orodha za mbinu zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza, na mimi ndiyo inayonisaidia kuliko nyingi.

Ukitaka kauli ya serikali yenyewe na si ya mtu aliyesikia kwa mtu, malizia na site:go.tz. Hapo utaletewa tovuti za serikali ya Tanzania peke yake. Kwa vyuo ni site:ac.tz, kwa serikali ya Kenya site:go.ke. Baada ya nukta pacha usiache nafasi. Ukiiacha, amri haifanyi kazi.

Tarehe nazo zina mbinu yake. Ukitafuta nauli za mabasi utachanganyiwa za juzi na za miaka kumi iliyopita, na mtu akishika ya zamani anaweza kugombana na kondakta bure. Ongeza after:2023 na kurasa za kabla ya hapo zitaondoka, ingawa ni vizuri ukague tarehe iliyoandikwa ndani ya waraka wenyewe. Kinyume chake ni before:. Ila ukirudi nyuma, kumbuka majina ya ofisi hubadilika. LATRA, mamlaka inayosimamia nauli za mabasi Tanzania, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikachukua nafasi ya SUMATRA, kwa hiyo nauli za 2013 zitafute kwa jina la SUMATRA.

Alama ya kutoa huondoa usichokitaka. Mtoto wa dada yangu alipewa kazi ya shule kuhusu simba, na kila tulichopata kilikuwa mpira. Tukaandika simba -yanga -ligi -mechi, kila kistari kimegusana na neno lake, na mnyama akaanza kuonekana. Nyota nayo hushika nafasi ya neno ulilolisahau: "mgaagaa na upwa * wali mkavu".

Kuna mbinu moja ningependa kila anayetafuta nyumba ya kupanga aijue. Dalali mmoja alinitumia kwa WhatsApp picha za nyumba nzuri, bei ya chini kupita kawaida, akataka kianzio siku hiyohiyo kwa sababu "kuna mteja mwingine yuko njiani". Niliitazama picha ya jikoni kwa makini. Soketi ya ukutani ilikuwa na matundu mawili ya duara, wakati zetu zina matatu ya pembe nne. Nikaipakia picha kwenye Google kwa kubonyeza alama ya kamera iliyo kwenye kisanduku cha kutafutia, na jiko lilelile likatokea kwenye tangazo la nyumba ya Ulaya. Nikachukua na sentensi moja ndefu ya maelezo yake, nikaiweka ndani ya alama za kunukuu: ilikuwa imebandikwa kwenye matangazo mengine mawili, mitaa tofauti, namba za simu tofauti. Sikutuma hata senti. Matangazo ya kazi yanayodai ada ya usaili yapime hivyohivyo, sentensi na namba ya simu.

Mwisho ni kurasa zilizokufa. Zamani Google yenyewe ilitunza nakala ya ukurasa, lakini huduma hiyo iliondolewa mwaka 2024. Sasa nanakili anwani ya ukurasa uliofutwa, naenda web.archive.org, ambako kuna nakala za tovuti tangu 1996, naibandika pale na kuchagua tarehe kwenye kalenda. Mdogo wangu aliwahi kufukuzia nafasi ya masomo, na tangazo likaondolewa kabla hajaandika orodha ya viambatisho. Tulikuta nakala ya wiki mbili nyuma, orodha yote ipo, na siku nne zilikuwa zimebaki kabla ya mwisho wa kupokea maombi.