Ngozi Iliyokosa Damu Baada ya Fila Haisubiri Kesho

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, mtu aliyechomwa fila (jeli ya urembo inayodungwa chini ya ngozi kujaza midomo au mikunjo) akilalamika maumivu au ngozi kubadilika rangi, mwiteni mumwone siku hiyohiyo. Picha ya simu haitoshi. Wengi huambiwa ni damu imevilia tu, waweke barafu warudi kesho. Barafu huzidi kubana mishipa ambayo tayari haipitishi damu, na hiyo kesho ngozi inaweza kuwa imeshaanza kufa.

Fila ikiingia kwenye ateri, yaani mshipa unaopeleka damu, eneo linalotegemea ateri ile hukosa damu. Hupauka kwanza, kisha hutokea madoa ya zambarau yaliyosukana kama wavu, wakati mwingine mbali kabisa na sindano ilipopita. Damu iliyovilia haichori wavu. Kwa mwenye ngozi nyeusi weupe ule hujificha, hivyo washeni taa kali, mgeuze mdomo muutazame kwa ndani, mlinganishe na upande usiodhurika. Bonyeza kwa kidole, achia, hesabu. Kwa kawaida rangi hurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa zaidi ya hapo, shukuni mshipa umeziba. Na asiyeumwa msimwamini haraka, maana fila nyingi zimechanganywa na lidokeini, ganzi inayoficha maumivu.

Ulizeni alichomwa fila gani. Ikiwa ni ya asidi ya hialuroniki, dawa yake ni hialuronidase, kimeng'enya kinachoiyeyusha. Fila ya kalsiamu au silikoni haiyeyuki kwa dawa hiyo. Hapa ndipo wageni wengi huogopa, wakachoma kidogo kana kwamba wanasawazisha kinundu. Daktari DeLorenzi alieleza mwaka 2017 utaratibu ambao wengi wetu tunaufuata: dozi kubwa, kuanzia uniti 500 hivi kwa eneo dogo na zaidi kwa eneo pana, ikisambazwa kwenye eneo lote lililokosa damu, si pale sindano ilipopita tu. Baada ya saa moja bonyezeni tena, mhesabu tena. Damu haijarudi? Rudieni dozi. Mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu tu zamu imeisha.

Hialuronidase inaweza kuleta mzio mkali, hivyo adrenalini iwe mkononi, na mwulizeni kama aliwahi kudhurika vibaya kwa sumu ya nyuki au nyigu.

Akisema jicho linauma au haoni vizuri, msibaki naye chumbani. Apelekwe kwa daktari wa macho muda uleule, kwa sababu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, iliyokosa damu huhesabiwa dakika.

Wanaochelewa ndio wanaoniumiza moyo. Mmoja alifika siku ya tatu na vipele vya usaha kutoka ubavu wa pua hadi mdomo wa juu, mkononi ana krimu ya hepesi (malengelenge ya virusi) aliyopewa kwingine. Swali moja lingetosha: siku ya kwanza ngozi ilikuwaje? Ilipauka, akasema, ndani ya saa ile ile aliyochomwa. Hata wa namna hiyo mpeni hialuronidase, kisha mtunze kidonda: kisafishwe taratibu, kipakwe mafuta mazito ya vaselini kisikauke, kigaga kisibanduliwe wala tishu nyeusi isikatwe mapema, kwa kuwa ngozi hai huwa inajitenga yenyewe chini yake. Habari za leza ya kovu zingoje hadi kidonda kifunge.