Kabla ya Kuchagua Rangi ya Kabati, Jua Kilicho Chini Yake

Kwa miezi kadhaa, kila nilipofungua kabati langu la jikoni nilisikia sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye ngozi. Mlango ulikuwa umegandana na fremu, na ukiuvuta unaondoka na kipande cha rangi. Nilikuwa nimelipaka kwa rangi iliyobaki ndooni baada ya kupaka ukuta wa sebule, nikajiona mjanja wa kubana matumizi.

Rangi ya maji ya ukutani haijatengenezwa kwa kazi hiyo. Ukuta haufunguliwi na kufungwa mara ishirini kwa siku. Rangi ile hubaki laini hata ikishakauka, hivyo nyuso mbili zikigusana kwa muda hushikana. Mbaya zaidi, chini yake palikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, ngumu na telezi kama sahani. Rangi mpya haikuwa na pa kushika. Nilikuwa naibandua kwa ukucha, vipande vizima vizima.

Siku hizi sinunui kopo kabla ya kujua kilicho chini. Nachovya pamba kwenye spiriti, nasugua mahali pasipoonekana, labda nyuma ya mlango. Pamba ikichukua rangi na uso ukalainika, ile ya zamani ni ya maji. Isipotoka kitu, yaelekea ni ya mafuta, na hapo rangi ya maji haiendi juu yake bila msasa na praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha ile ya juu. Angalia pia kingo za milango: ukiona tabaka jembamba la plastiki limebandikwa juu ya ubao wa unga wa mbao, hiyo si mbao tena. Inataka praima maalumu ya nyuso telezi, na hapo usibahatishe.

Kama fanicha ni ya kale sana, kuwa mwangalifu zaidi. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani kwa mfano ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiikwangue wala kuipiga msasa mkavu kabla haijapimwa.

Mafuta au maji? Nilikuwa mtu wa mafuta. Inajilaza vizuri, alama za brashi zinapotea, na ikikauka ni ngumu kweli. Lakini nilipaka kabati la chumbani jeupe pe, na baada ya muda likaanza kugeuka manjano, ndani ya milango kuliko nje, kwa sababu rangi ya mafuta hugeuka haraka zaidi inapokosa mwanga. Na ile harufu! Kwa hiyo rangi nyeupe na nyepesi sasa napaka ya maji, ila ile iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya mbao, milango na fanicha. Kwa rangi nzito, kama kijani kilichokolea, mafuta bado sina ugomvi nayo.

Kuhusu mng'ao, nachukua wa wastani. Isiyong'aa kabisa inashika mafuta ya jikoni na haifutiki vizuri. Inayong'aa sana inatangaza kila bonde la mbao. Rangi ya chaki, ile inayokauka bila mng'ao kama chaki ya ubaoni, ni nzuri kwa macho, lakini bila nta au vanishi juu yake itachafuka upesi.

Rangi yenyewe, bluu au krimu, ni shauri lako. Paka tu kipande cha boksi, kisimamishe pale pale, ukitazame asubuhi na usiku taa ikiwaka.

Kabla ya msasa, osha kwa sabuni ya kukata mafuta, suuza, acha pakauke. Ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mbao. Msasa namba 120 unatosha kuua mng'ao; huna haja ya kufika kwenye mbao tupu. Kati ya mkono mmoja wa rangi, yaani tabaka moja, na mwingine napitisha namba 220, ulio laini zaidi, kidogo sana, kisha nafuta vumbi.

Kuna kesi moja ilinitoa jasho: droo za mbao nyekundu. Mkono wa kwanza mweupe, yakatokea madoa ya kahawia. Nikaongeza wa pili, wa tatu, madoa yale yale. Ni utomvu wa mbao unaoyeyuka kwenye maji ya rangi na kupanda juu. Hata ukipaka mikono kumi utapanda. Dawa yake ni praima ya kuzuia madoa, ambayo ningeipaka mwanzoni kama ningejua.

Halafu kuna kusubiri, ambako nimeshindwa zaidi ya mara moja. Rangi ya maji ikishikwa baada ya saa chache inaonekana tayari, lakini kukomaa kwake ni wiki tatu hadi nne. Meza yangu ndogo niliibandikia karatasi: “Usiweke kitu.” Siku ya tano mtu wa humu humu ndani akaweka kikombe cha chai juu ya karatasi yenyewe. Duara lile bado lipo. Nimelifunika kwa chombo cha maua.