Video zinazong'arisha kwa siku saba

SWALI: Kila nikifungua simu nakutana na video za watu wanaopaka krimu, na siku ya saba wameshakuwa weupe. Dada yangu amechanganya mkorogo kwa kufuata mojawapo. Ameutumia miezi minne, na sasa akiuacha siku mbili tu, uso unamuwaka. Je, video hizo ni za kweli? Na yeye afanyeje?

JIBU: Nyingine ni taa tu. Usiangalie uso, angalia ukuta wa nyuma na weupe wa macho: navyo vikiwa vimeng'aa zaidi kwenye picha ya mwisho, kilichobadilika ni mwanga.

Zilizo za kweli ndizo za kuogopa. Krimu inayong'arisha kwa siku chache mara nyingi huwa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kali kama klobetasoli. Hubana mishipa midogo ya damu, vipele vinatulia, ngozi inapauka upesi. Mpiga video huenda hadanganyi kuhusu siku ya saba. Asichoonyesha ni miezi inayofuata: ngozi imekuwa nyembamba, michirizi imejaa mapajani, chunusi zimefumuka, kidonda kidogo hakifungi.

Klobetasoli ya asilimia 0.05 ina kikomo: isizidi gramu 50 kwa wiki, isizidi wiki 2 mfululizo, na usoni haipakwi. Kupaka mwili mzima mara moja tu humaliza takriban gramu 30 za krimu. Kuikoroga ndani ya losheni hakuifanyi salama, maana inaenea eneo kubwa na kipimo hakijulikani tena. Ikiingia kwenye damu kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo hulegea kutengeneza homoni zake. Ndiyo maana kuacha ghafla kunaweza kuleta zaidi ya kuwaka uso.

Kwa hiyo dada yako amwone daktari wiki hii hii, na abebe makopo na tyubu zote alizochanganya, hata zilizokwisha. Daktari ataamua kama dawa ipunguzwe kidogo kidogo. Asitafute krimu nyingine ya kutuliza, huenda nayo ina steroidi. Akitapika, akiishiwa nguvu au akipata kizunguzungu akisimama, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kwenda kwa daktari, kagueni lebo. Ikiandikwa "mercury" au "calomel", au ikionya krimu isiguse vito vya dhahabu na fedha, shuku zebaki, metali yenye sumu. Hiyo asiipake tena hata mara moja: aifunge kwenye mfuko wa plastiki, anawe mikono, na aombe kupimwa mkojo na figo. Zebaki huhamia kwenye taulo na shuka, hivyo watoto wa nyumbani nao wanaweza kudhurika. Lebo isiyotaja viambato kabisa haimsafishi mtengenezaji.

SWALI: Nimepaka krimu ya haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, miaka mingi. Mashavu yameanza kuwa na rangi ya bluu-nyeusi. Niongeze dozi?

JIBU: Hapana, acha. Madoa hayo yanaweza kuwa yameletwa na krimu yenyewe, na kila unapoongeza yanakolea. Jikinge na jua, umwone daktari wa ngozi. Yakishakomaa ni magumu mno kuondoa.