Bekapu inagoma usiku, asubuhi inakubali

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina seva ya Linux ambayo cron (kipanga-kazi cha Linux) huiamsha kila saa nane usiku itume nakala ya data kwenye mashine nyingine ya ofisi, hifadhi.ndani. Siku nyingine inapita, siku nyingine nakuta kwenye logi "Name or service not known". Asubuhi nikiiendesha kwa mkono, haina neno. Kwenye /etc/resolv.conf, faili linaloorodhesha DNS (seva zinazogeuza majina ya mashine kuwa anwani), kuna mbili: ya kwanza ya ofisi, ya pili 8.8.8.8 ya Google niliyoweka iwe akiba. Nimebadilisha hadi kebo.

JIBU: Marahaba. Kebo ya zamani irudishe, haina kosa. Umefanya vyema kunakili ujumbe neno kwa neno. Wengi huniandikia "imegoma", basi, nibaki napiga ramli.

Kuna jumbe mbili ambazo watu huzichanganya. "Temporary failure in name resolution" hutokea mashine inapouliza jina na kukosa jibu la maana kutoka kwa DNS yoyote. Huo wako ni mwingine: mashine iliuliza, ikajibiwa kwamba jina hilo halipo. Sasa ni nani aliyejibu hivyo usiku wa manane? DNS ya ofisi inaijua hifadhi.ndani vizuri. Amebaki 8.8.8.8.

Hebu iulize mwenyewe sasa hivi, mchana kweupe, kwa amri hii: dig @8.8.8.8 hifadhi.ndani. Utaona NXDOMAIN, yaani jina halipo. Wala haikudanganyi, jina la ndani ya ofisi yako italijulia wapi?

Mstari wa pili wa resolv.conf si akiba kwa namna unavyodhani. Linux huuliza seva ya kwanza. Ikikaa kimya sekunde 5, ambao ndio muda wa kawaida usipoubadilisha, inahamia ya pili. Ya pili ikisema "halipo", mashine inalipokea kama jibu kamili na kazi inaishia hapo. Hairudi kumuuliza wa kwanza. Kwa hiyo DNS ya ofisi ikizubaa kidogo tu saa nane, bekapu yako imekwisha. Na saa nane ndiyo saa ambayo kila fundi hupenda kupanga kazi zake: masasisho, bekapu nyingine, kuwasha upya. Fungua logi ya seva hiyo ya DNS ulinganishe saa.

Toa 8.8.8.8. Ukitaka seva ya pili, iwe nayo inayajua majina ya ndani. Ya nje, DNS ya ofisi itakutafutia yenyewe. Angalia pia ni nani anayeiandika resolv.conf, maana mara nyingi ni DHCP (inayogawa anwani za mtandao) au NetworkManager (inayosimamia mtandao wa mashine), na ukiihariri kwa mkono kesho utaikuta ilivyokuwa. Rekebisha huko inakotoka.

Kuna watakaokushauri uandike anwani ya IP kwenye /etc/hosts, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya mashine yenyewe. Mimi siipendi njia hiyo: siku mashine ikihamishiwa anwani mpya, hakuna atakayekumbuka mstari ule. Afadhali skripti ianze na getent hosts hifadhi.ndani, amri ya kutafuta anwani ya jina, ikikosa ingoje dakika moja na kujaribu tena mara kadhaa, ndipo iite rsync itume nakala. Tumia getent, si dig, kwa sababu getent hupita njia ileile wanayopita rsync na ssh, wakati dig huenda moja kwa moja kwa DNS bila kutazama /etc/hosts. Na kazi yenyewe isogeze hadi saa tisa na dakika 17.

SWALI: Yangu ni laptop. Nikiiamsha tu, bekapu inaanza na kufeli. Baada ya muda mfupi inakubali.

JIBU: Saa ya bekapu ilipita laptop ikiwa imelala, hivyo taima ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) inafyatuka papo hapo inapoamka, Wi-Fi bado haijashika. Usihangaike na network-online.target, alama ya systemd kwamba mtandao uko tayari; hiyo ilishatimia ulipowasha mashine, na kuamka usingizini hakuirudishi nyuma. Weka kile kingojeo cha getent nilichompa mwenzako hapo juu.