Kabla ya Kubishana Kuhusu Lauryn Hill

Nimebishana kuhusu Lauryn Hill, rapa na mwimbaji wa Marekani, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilibishana vibaya. Ninalieleza hilo kwa sababu makosa yangu ya wakati ule nayaona upya kila ninapokaa kwa kinyozi siku ya Jumamosi na kuwasikia vijana wakiwapima marapa walioacha mapema: huyu angekuwa mkubwa kuliko wote, yule aliogopa, na mwingine aliishiwa. Ubishi wa namna hiyo una raha yake, lakini anayetaka kutoka nao akiwa amejifunza kitu inambidi ajiandae kidogo kabla hajafungua mdomo.

Kosa langu la kwanza lilianzia kwenye kaseti. Mwaka 1999, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, mwenzangu mmoja alinirekodia albamu ya The Miseducation of Lauryn Hill, iliyokuwa imetoka Agosti 1998, kwenye kaseti ya dakika 60. Albamu yenyewe ina zaidi ya dakika 77. Mkanda ulinifikisha kwenye wimbo anaoimba pamoja na mwimbaji D'Angelo, ukaishia hapo, nami nikaamini kwamba nimeisikia yote. Kwa miaka mingi niliwahubiria watu juu ya ukamilifu wa kazi ambayo sikuwa nimewahi kuusikia hata wimbo unaobeba jina lake, na siku niliponunua sidii ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa wakili asiyesoma faili. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutekeleza: isikilize kazi yote, kwa mpangilio aliouweka msanii, pamoja na vipande vya mazungumzo ya darasani vinavyorukwa na wengi, ndipo uje tuzungumze.

Baada ya hapo lichunguze neno lenyewe la "kuacha", kwa maana robo tatu ya ubishi huzaliwa humo. Lauryn Hill hakuacha kupanda jukwaani. Ameendelea kufanya maonyesho na ziara kwa miaka mingi. Alichokiacha ni kutoa albamu nyingine ya studio. Kabla ya ile ya 1998 alikuwa ametoa mbili akiwa na kundi la Fugees, ya mwaka 1994 iliyopita kimyakimya, na The Score ya mwaka 1996 iliyolitangaza kundi hilo duniani kote, na mwaka 2002 kampuni yake ilitoa rekodi ya onyesho alilolifanya akiwa na gitaa peke yake. Mtu anayesema "ana albamu moja tu" na mtu anayesema "hakuacha kamwe" wanaweza kukesha wakigombana ilhali kila mmoja anazungumzia jambo lake.

Usilifiche lile linaloumiza upande wako. Mimi nilikuwa nikilikwepa suala la kesi, na kila lilipotajwa nilibadilisha mada. Mwaka 1998 watu wanne waliofanya naye kazi studio, waliojiita New Ark, walimfungulia mashtaka wakidai kwamba hawakutajwa inavyostahili kama watunzi na watayarishaji wa nyimbo kadhaa za albamu ile. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2001. Maana yake ni kwamba hakuna hakimu aliyetamka kwamba aliiba sifa za wenzake, wala hakuna hakimu aliyetamka kwamba alizistahili zote peke yake, ingawa vijiweni nimewasikia watu wakiinukuu hukumu ambayo haikuwahi kutolewa. Nilipoanza kulitaja jambo hili mwenyewe, kabla mpinzani hajalitaja, niligundua kwamba hoja yangu haikudhoofika hata kidogo. Albamu inayotengenezwa na watu wengi haipungui uzuri, na swali la nani aandikwe wapi lina uzito wake lenyewe, hasa kwa wapiga ala ambao majina yao husahaulika kirahisi.

Tuzo nazo zitumie kwa kiasi. Ni kweli kwamba Februari 1999 aliondoka na Grammy tano kati ya kumi alizopendekezwa, na kwamba ile ilikuwa albamu ya kwanza ya hip hop kushinda tuzo ya albamu bora ya mwaka. Lakini nimeona jinsi takwimu hizo zinavyotumika kama rungu la kumnyamazisha kijana aliyezaliwa baada ya tuzo zenyewe kutolewa, na kijana huyo hana kosa akiuliza kama waamuzi wa Grammy wanaijua hip hop kuliko yeye. Msikilizishe "Lost Ones", wimbo wa albamu ile. Akisikia namna Lauryn Hill anavyoyabana maneno kwenye mdundo, swali la kama mwanamke huyu ni rapa au ni mwimbaji anayeghani kidogo litajijibu bila msaada wa sanamu ya dhahabu.

Sasa niingie penye ugumu, napo ni ile rekodi ya 2002. Ilirekodiwa Julai 2001 katika kipindi cha MTV, ikajaza diski mbili: gitaa moja, sauti iliyokwaruza, na hotuba ndefu kati ya wimbo na wimbo. Kuna mahali anaimba huku analia. Sisi tuliokuwa tukisubiri mwendelezo wa 1998 tulijiona tumedhulumiwa, na mimi nilimpa jirani nakala yangu nikisema kwa dharau kwamba huu si muziki bali ni maungamo. Kwa miaka miwili rekodi ile ilikuwa ushahidi wangu kwamba ameisha. Kisha mwaka 2004 rapa Kanye West akatoa albamu yake ya kwanza, na ndani yake ule wimbo wa "All Falls Down" ulikuwa na kiitikio kilichotoka moja kwa moja kwenye "Mystery of Iniquity", wimbo wa rekodi ileile niliyoigawa bure. Ruhusa ya kutumia sauti ya Lauryn Hill haikupatikana, kikaimbwa upya na mwimbaji Syleena Johnson. Niliposikia kiitikio kile kwenye daladala nilikijua, nikakumbuka nilikokisikia, na nikaona haya. Kile nilichokiita mabaki kilikuwa kimekuwa mbegu katika shamba la mtu mwingine. Tangu hapo simshauri mtu yeyote kutangaza mwisho wa msanii kwa kazi ambayo haina hata miaka mitatu.

Urithi, kwa jinsi ninavyouelewa sasa, hupimwa kwa vitu vilivyopo. Ile albamu ya pili ya studio, tunayoitumia kumlaumu au kumtukuza, haipo. Wanaompenda wameijaza nyimbo nzuri kupita zote, na wasiompenda wanasema alijua kwamba angeshindwa ndiyo maana hakuithubutu, na pande zote mbili zinaigombea sahani tupu. Katika kikao ninachokisimamia mimi, neno "angekuwa" ni marufuku katika saa ya kwanza. Utashangaa jinsi mazungumzo yanavyopungua kelele: watu wanalazimika kutaja mstari fulani, ngoma fulani, au wimbo wa 2018 ambao rapa Drake aliujenga juu ya "Ex-Factor" ya albamu ile ya 1998.

Na mtenganishe anayeimba na anayechelewa. Waliolipa kiingilio na kumsubiri kwa saa nyingi wana haki ya kulalamika, na malalamiko hayo yaandikwe katika daftari la maonyesho, wala yasihamishiwe kwenye mistari ya 1998. Vivyo hivyo kifungo cha miezi mitatu alichokitumikia mwaka 2013 kwa kutowasilisha hesabu za kodi hakiwezi kutueleza chochote kuhusu ubora wa beti zake.

Jumamosi iliyopita ubishi uliwaka tena, na kijana mmoja mwenye nusu ya kichwa iliyonyolewa alikuwa akisisitiza kwamba mama huyu alikimbia uwanja. Sikumjibu. Niliomba simu iunganishwe na spika, albamu ianze mwanzo kabisa, kabla ya wimbo wowote. Kengele ya shule inalia. Mwalimu, ambaye sauti yake ni ya Ras Baraka, mtu aliyekuja kuwa meya wa jiji la Newark, Marekani, mwaka 2014, anaita mahudhurio, na wanafunzi wanaitika mmoja baada ya mwingine hadi linapofikiwa jina la Lauryn Hill, ambalo haliitikiwi na mtu. Kijana aliinua mkono kutoka chini ya kile kitambaa cha kunyolea. Kinyozi akazima mashine, akairudisha albamu mwanzo.