Shangazi, mtoto ana miezi minne na nusu: nimwanzishie chakula?

Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wangu wa kwanza, wa kike, aliyezaliwa kwa wakati wake na ambaye sasa ametimiza miezi minne na nusu. Tangu azaliwe ananyonya maziwa yangu pekee na uzito wake unapanda vizuri. Lakini kwa wiki mbili sasa anaamka mara tatu au nne usiku, anatafuna ngumi zake mchana kutwa, na tukikaa mezani anakodolea macho kila kinachoelekea kinywani mwetu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema maziwa yangu hayamtoshi tena, na kwamba wanawe wote walianza uji wakiwa na miezi mitatu na wamekuwa watu wazima wenye afya. Juzi nilimkuta ameshakoroga uji mwepesi na kuutia kwenye chupa. Nilimwomba asimpe, akanuna, na tangu siku hiyo hatuzungumzi vizuri. Mume wangu anasema niamue mwenyewe. Mwezi ujao narudi kazini. Je, nimwanzishie sasa? Na nikianza, nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa malezi. Jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hapana, usimwanzishie bado. Endelea kumnyonyesha maziwa yako pekee, bila uji, bila maji na bila juisi, mpaka atakapotimiza miezi sita. Huo ndio ushauri ambao Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutoa tangu mwaka 2001. Kabla ya umri huo maziwa ya mama yanatosha kwa chakula na kwa kiu, ilhali kila kijiko cha uji kinachukua nafasi ya maziwa yaliyo bora kuliko uji wenyewe na kinaweza kumwingizia vijidudu vya kuhara tumbo likiwa bado changa. Baada ya miezi sita mambo yanageuka: maziwa peke yake hayatoshelezi tena, na anayechelewesha chakula naye anamnyima mtoto haki yake. Kwa hiyo sikuambii usubiri tu. Nakuambia usubiri wiki chache, kisha uanze kwa dhati.

Dalili ulizozitaja si za njaa. Mtoto wa miezi minne hutafuna ngumi kwa sababu mdomo ndio mkono wake wa kuijulia dunia, na pengine ufizi unamwasha. Huamka usiku kwa sababu usingizi wake katika umri huu unabadilika mpangilio. Na hukodoa macho mezani kama ambavyo angekodolea simu, paka au mwanga wa dirishani. Dalili za kweli kwamba mtoto yuko tayari kwa chakula ni tatu, na zinatakiwa kuonekana pamoja: aweze kukaa akiegemezwa huku shingo yake ikisimama imara bila kuyumba, aweze kukiona kitu, kukishika na kukipeleka kinywani mwenyewe, na aweze kumeza badala ya kusukuma nje. Hiyo ya tatu ndiyo watu wengi hawaifahamu. Ukimgusa mtoto mchanga mdomoni kwa kijiko, ulimi wake unatoka mbele wenyewe na kukisukuma, na chakula chote kinateremka kidevuni. Huo si ukaidi, wala si kwamba hapendi ladha, bali ni kinga aliyozaliwa nayo ili asipaliwe na kitu ambacho koo lake bado haliwezi kukipitisha. Inaposinyaa, kwa watoto wengi karibu na mwezi wa sita, ulimi hujifunza kukipokea chakula na kukirudisha nyuma.

Kama wasiwasi wako ni iwapo maziwa yanatosha, usimtazame usingizini, mtazame kwenye nepi na kwenye mizani. Mtoto anayelowesha nepi sita au zaidi kwa siku, mkojo wake ukiwa mweupe, na uzito wake ukipanda kwa mfululizo kwenye kadi yake ya kliniki, anashiba. Mzani ukisimama au ukishuka, hiyo ni habari ya kumpelekea mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, na yeye ndiye atakayeamua kama kuna haja ya kubadilisha chochote. Wapo watoto ambao kwa sababu maalumu huelekezwa kuanza mapema kidogo, lakini si kabla ya kutimiza miezi minne. Na kwa mtoto njiti hesabu nayo huwa nyingine, kwa kuwa daktari huangalia pia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto wako, kwa maelezo yako, hayumo katika makundi hayo.

Ile chupa ya uji nimeisoma mara mbili, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuishika. Mwanangu wa kwanza nilimpa uji akiwa na miezi minne, na ili upite kwenye chuchu ya chupa niliuongeza maji mpaka ukawa kama maji ya kuoshea chombo. Alikuwa anamaliza chupa nzima na kulala, nami nikajipongeza. Miezi miwili mizima uzito wake haukusogea. Muuguzi mmoja aliniomba nimwonyeshe uji ninaoupika, akauchota kwa kijiko, akakiinamisha, na wote wawili tukautazama ukimwagika kama mvua. Aliniambia kuwa uji wa mtoto ukiinamisha kijiko unapaswa kushuka polepole kwa bonge, la sivyo unamjaza maji tu. Sijausahau uso wa mwanangu wa siku zile, tumbo limejaa na mashavu yamesinyaa, na ndiyo maana nakuandikia kwa mkazo. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 7 habebi zaidi ya mililita 210 kwa mlo mmoja, na nafasi hiyo ndogo haifai kupewa maji.

Kuhusu kazi, kurudi kwako kusikulazimishe kumwanzishia chakula. Anza sasa kujizoeza kukamua maziwa, kwa mkono au kwa mashine, mara moja kila siku, ili ujue unapata kiasi gani na mtoto azoee kunyweshwa kwa kikombe kidogo na mtu mwingine. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi chenye mfuniko hukaa kwa muda usiozidi saa 4 mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya jokofu. Penye joto kali zaidi, yatumike mapema. Usiyachemshe, yapashe kwa kukisimamisha chombo ndani ya maji ya uvuguvugu.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Chagua saa ambayo mtoto ameamka vizuri, ametulia, na ameshanyonya kidogo, kwa sababu mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza. Mkalishe wima, uso wake ukiuelekea wako. Weka chakula laini, kilichopondwa lakini kizito, kwenye ncha ya kijiko kidogo, kisha kisogeze karibu na midomo yake na usubiri. Hapo pa kusubiri ndipo wengi wetu tunapokosea, maana tunakiingiza kabla hajakiomba. Akifungua kinywa, mpe. Akigeuza uso, akifumba midomo au akikisukuma kwa mkono, amesema basi, na basi yake iheshimiwe hata kama bakuli bado limejaa. Vijiko viwili au vitatu kwa mlo vinatosha kuanzia. Kati ya mwezi wa sita na wa nane utafika taratibu kwenye nusu ya kikombe cha mililita 250, mara mbili hadi tatu kwa siku, huku ukiendelea kumnyonyesha kila anapotaka. Kuanzia mwezi wa tisa milo iwe mitatu hadi minne. Kunyonyesha kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi, kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kuanza chakula ni kuachisha ziwa.

Cha kwanza kiwe nini? Hakuna sheria kwamba lazima kiwe uji, wala kwamba matunda yatangulie mboga. Ninachokusihi ni kwamba usimzungushe kwenye uji na viazi kwa miezi mitatu. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoikusanya tumboni mwako, hasa katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na akiba hiyo huanza kupungua karibu na mwezi wa sita, wakati huo huo ubongo wake ukiwa unakua kwa kasi. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Kwa hiyo tangu wiki za mwanzo mpe nyama au maini yaliyoiva na kusagwa laini, samaki aliyeondolewa miiba yote kwa vidole vyako mwenyewe, yai lililoiva kabisa, maharage au dengu zilizopondwa na kuondolewa maganda. Ukimpa nafaka au kunde, mwekee pembeni tunda au mboga yenye vitamini C, kwani humsaidia kukinyonya chuma kilichomo; na chai asipewe, kwani inafanya kinyume chake. Chumvi na sukari havihitajiki katika chakula chake. Asali asionje mpaka atimize miezi 12, hata tone la kumpaka kwenye ulimi, kwa sababu inaweza kuwa na vijimelea vinavyozalisha sumu ya botulinamu tumboni mwa mtoto mchanga na kumlegeza misuli yote, ikiwemo ya kupumulia.

Zamani tulikuwa tukiambiwa tuchelewe kumpa mtoto yai na karanga ili asipate mzio. Ushauri huo umebadilika. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto zaidi ya 600 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio, na waliopewa vyakula vya karanga tangu kabla ya kutimiza mwaka walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini mno kuliko waliozuiwa, tofauti ya takriban asilimia 80. Mpe basi, lakini iwe karanga iliyosagwa na kulainishwa ndani ya chakula, kidogo kidogo, mchana ili uweze kumtazama, na kimoja kipya kwa wakati mmoja. Ikiwa ana pumu kali ya ngozi, au tayari kuna chakula kilichowahi kumvimbisha, muone daktari kwanza.

Karanga nzima, zabibu nzima, karoti mbichi na vipande vya nyama ngumu visimkaribie, kwa sababu hupalia. Katika siku za mwanzo utamwona akikunja uso, akikohoa na kutaka kutapika, huku akiwa mwekundu na mwenye kelele. Huyo anajifunza, mpe nafasi. Anayepaliwa kweli hatoi sauti, hawezi kukohoa wala kulia, na midomo yake inaanza kuwa ya bluu. Kabla ya kuanza chakula, muombe mhudumu wa afya akuonyeshe kwa vitendo namna ya kumsaidia mtoto wa namna hiyo, na atakayebaki naye nyumbani aonyeshwe pia. Asilishwe akiwa amelala, na asiachwe peke yake na chakula hata kwa dakika moja.

Akikataa chakula fulani, usikifute kwenye orodha yako. Watoto wengi huhitaji kukionja kitu mara nane, kumi au zaidi ndipo wakikubali. Wala usibaki kwenye vilivyosagwa kama maji: karibu na mwezi wa nane aanze kushika mwenyewe vipande laini, na akitimiza mwaka ale mnachokula nyinyi, kikiwa kimekatwakatwa. Mikono yako na yake ioshwe kwa sabuni kila mara, na chakula kilichokaa nje zaidi ya saa 2 kisimrudie.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa sababu ndiye atakayekuwa na mtoto ukiwa kazini, na bila yeye haya yote yatabaki kwenye karatasi. Usimwambie kwamba alikosea kuwalea wanawe. Alifuata aliyoambiwa kwa wakati wake, na aliyafanya kwa mapenzi. Mwambie, ukiwa umekaa naye chini na si mlangoni ukiaga, kwamba uliposema hapana uliogopa na hukukusudia kumvunjia heshima. Kisha mwombe mwende wote kliniki siku ya kumpima mtoto, amsikie mhudumu kwa masikio yake na auone mstari wa uzito ukipanda kwa macho yake, kwa sababu neno hilo likitoka kwa mkwe linauma lakini likitoka kwa muuguzi linasikika. Mume wako naye asikuachie peke yako. Yule ni mama yake, na sentensi moja kutoka kwake, kwamba hili ni letu sote wawili, itakupunguzia mzigo mkubwa. Na siku mtoto atakapofungua kinywa kwa mara ya kwanza, mkabidhi mama mkwe kile kijiko, wewe ukae pembeni na kumwelekeza mahali pa kusubiri.